SRD 5.2.1 ya Dungeons & Dragons: inamfaa vipi mwandishi wa Kiswahili wa Kisumu?

Wizards of the Coast, kampuni yenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia visa na kurusha dadu, wanagawa bure faili ya PDF iitwayo System Reference Document, maarufu kama SRD. Toleo la 5.2.1 lilitoka 2025 chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0. Ndani mna uti wa mgongo wa kanuni za Dungeons & Dragons: dadu ya pande 20, aina 12 za mashujaa, uchawi, silaha, mazimwi na wanyama. Kama kundi lenu la Kisumu, Kakamega au Nakuru limechoka kucheza kwa Kiingereza na linataka kuandika visa vyake kwa Kiswahili, kuvisambaza na hata kuviuza, hii ndiyo bidhaa ya kwanza kuipima. Utamu wa mchezo wenyewe tunauacha kando. Tunapima kibali tu.

Kibali kinatosha, tena kwa upana kuliko wengi wanavyodhani. Kinachowaponza watu ni kudhani kuwa kila kilicho kwenye vitabu vya dukani kimo pia kwenye SRD.

Leseni ya CC BY 4.0 inakuruhusu kunakili, kubadilisha, kutafsiri, kuchapa na kuuza, bila kulipa na bila kuandikia mtu barua ya kuomba ruhusa. Masharti yake ni mawili: umtaje mwenye kazi kama alivyoelekeza, na useme kama umebadilisha kitu. Zaidi ya hayo, haifutiki. Jambo hili lina historia. Tangu 2000 watu walikuwa wakitumia leseni ya zamani ya kampuni hiyo, OGL 1.0a (Open Game License), wakiamini ni ya kudumu. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja, na ndani yake mlikuwa na mrabaha wa asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000 pamoja na nia ya kuizima ile ya zamani. Wachezaji wakawaka. Tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma, ikaiacha OGL 1.0a ilivyo na kuiweka SRD 5.1 nzima, toleo lililotangulia hili, chini ya Creative Commons. Kwa hiyo hata uongozi ukibadili mawazo kesho, nakala uliyokwisha kuipata inabaki halali kwako na kwa atakayeipokea kutoka kwako.

Kwetu sisi uzito uko kwenye tafsiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu tafsiri kuwa haki ya mwenye kazi peke yake. Ukiketi miezi ukafasiri Player's Handbook, kitabu cha dukani cha kanuni za wachezaji, chote kwa Kiswahili kisha ukaitupa kwenye kundi la Telegram, umevunja sheria, hata kama kila sentensi ni jasho lako. Kutafsiri ukurasa mmoja kwa ajili ya meza yako nyumbani ni jambo jingine, kwa sababu sheria ina nafasi ya matumizi binafsi kwa haki. Lakini kundi la WhatsApp la watu mia mbili si meza ya nyumbani. SRD inaondoa ua huo kabisa. SRD 5.1 imekwisha kutolewa rasmi kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Ya Kiswahili anaweza kuitengeneza yeyote, na hahitaji kumpigia mtu magoti.

Kilichoachwa nje

Hapa ndipo SRD inapopungukiwa. Kila aina ya shujaa imepewa tawi moja tu: mpiganaji ana Champion, kasisi ana Life, mchawi ana Evoker. Asili za wahusika ni nne tu, yaani Acolyte, Criminal, Sage na Soldier. Jamii za wahusika ni tisa, wakiwemo Goliath na Orc ambao hawakuwemo kwenye 5.1. Mtu aliyezoea vitabu kamili ataona rafu nusu tupu.

Viumbe ndio wenye mtego mkubwa. Owlbear yumo. Rust monster yumo, na ule mchemraba wa utomvu unaokula kila kitu umo. Lakini beholder, mind flayer, displacer beast, githyanki, githzerai, carrion crawler, umber hulk na yuan-ti hawamo, kwa sababu kampuni imewashikilia kama mali yake. Kuwapa jina la Kiswahili hakusaidii. Mchukue beholder: ukiandika jicho kubwa linaloelea, lenye vijicho kumi juu ya vikonyo na kila kimoja kikirusha mwali wake wa uchawi, umechukua maelezo ya mtu, hata ukiliita Jicho la Sondu.

Uchawi nao una mtego wake mdogo. Kwenye vitabu vya kuuza, baadhi ya majina ya uchawi yamebeba majina ya wachawi wa hadithi za kampuni. Kwenye SRD yamekatwa: Tasha's Hideous Laughter imebaki Hideous Laughter, Melf's Acid Arrow ni Acid Arrow, na Tenser's Floating Disk ni Floating Disk. Ukifasiri kutoka kitabu cha dukani badala ya SRD, majina hayo hupenya bila wewe kujua. Fungua SRD, tafuta kila jina la kiumbe, uchawi na kifaa ulichotumia, kisha uandike ulilipata ukurasa gani. Usilolipata, litoe au ubuni lako. Kazi hii inachosha, lakini kwa kisa cha kurasa 30 haizidi alasiri moja.

Wajuao watasema kwamba SRD 5.1 ina majina kadhaa yaliyoponyoka, likiwemo la Strahd, mnyonya damu wa hadithi za kampuni. Ni kweli, na toleo la 5.2 limeyasafisha. Usijenge nyumba juu ya mwanya huo. Ulichopata pale ni jina lililotajwa kwa kupita tu. Ngome yake, nchi yake na historia yake havikutolewa.

Upande wa pili, si kila kisichomo kwenye SRD ni haramu. Hakimiliki hailindi wazo wala mfumo, bali maneno na michoro iliyotumika kuueleza. Marekani wameliandika kwenye kifungu cha 102(b) cha sheria yao, na mahakama yao ya juu kabisa ilikwisha kulisema mwaka 1880 katika kesi ya Baker na Selden. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambao unaibana Kenya pia, unasema vivyo hivyo. Kurusha dadu, kuongeza namba na kulinganisha na kiwango cha ugumu si mali ya mtu. Ukiweza kuieleza kanuni upya kwa maneno yako kabisa, bila majina yao na bila kufuata mpangilio wa aya zao, uko salama kuliko unavyofikiri. Shida ni kwamba wengi huanza na maneno yao na kumalizia na ya kitabu.

Mstari wa shukrani

Ukurasa wa kwanza wa SRD una sentensi ya Kiingereza iliyotayarishwa. Inasema kazi hii ina maandishi kutoka SRD 5.2.1 ya Wizards of the Coast LLC, inapatikana wapi, na imetolewa kwa leseni gani pamoja na anwani ya leseni hiyo. Inakili neno kwa neno. Usiifasiri ukaiacha ya asili. Ukitaka, weka tafsiri chini yake. Mahali pake ni ukurasa wa pili wa kijitabu, au mwisho, mradi isomeke. Kuipaka rangi ya kijivu kwa herufi za ukubwa wa 5 ni ujanja usiokusaidia.

Wengi huishia hapo na kusahau sharti la pili. Sentensi hiyo haisemi kuwa umebadilisha kitu, na CC BY inataka useme. Ongeza mstari wako: "Sehemu zilizotoka SRD zimefasiriwa kwa Kiswahili na kurekebishwa." Unatosha.

Baada ya hapo, jizuie. Kampuni yenyewe imeomba usiitaje kwa njia nyingine yoyote zaidi ya sentensi hiyo. Unaruhusiwa kuandika kwamba kazi yako inaendana na 5E, yaani toleo la tano la mchezo. Jina Dungeons & Dragons, kifupi chake na nembo yake ni alama za biashara, na leseni za Creative Commons hazigusi alama za biashara kabisa. Jalada lenye "D&D kwa Kiswahili" kwa herufi kubwa limevuka mpaka hata kama ndani kila neno ni halali. Tangazo linalosema "Jumamosi tunacheza D&D" halina neno, kwa sababu unautaja mchezo wenyewe, si kuuza chako kwa jina lake.

Mfano wa ziwani

Tuchukue kisa cha kando ya Ziwa Victoria. Unahitaji mamba wa kutisha. SRD 5.1 ina mamba mkubwa mwenye kinga 14 (ugumu wa kumpiga), uhai 85 na kiwango cha hatari 5. Unamfasiri, unabadilisha mazingira, unaongeza uwezo wa kujificha kwenye magugumaji, na mstari wa shukrani unamfunika. Zingatia tu kwamba ukichota kutoka 5.1 na 5.2.1 kwa pamoja, unaweka sentensi mbili za shukrani, moja kwa kila toleo. Mpangilio wa takwimu za viumbe pia umebadilika kati ya matoleo hayo. Mwendesha mchezo atakayekuta mitindo miwili kwenye kijitabu kimoja atakulaani katikati ya pambano.

Sasa mweke shujaa wa aina ya Lwanda Magere, ambaye Waluo husimulia kwamba mwili wake ulikuwa kama jiwe na nguvu zake zilikaa kwenye kivuli. Kikanuni anakaa vizuri ajabu: mpe kinga kamili dhidi ya silaha za kukata, kuchoma na kuponda, kisha kivuli chake kiwe shabaha ya pekee yenye kinga yake, na wakati wa adhuhuri kiwe kifupi na kigumu kulengwa. Kanuni hiyo umeibuni wewe na SRD haikudai kitu.

Lakini hapa SRD si mlango pekee wa kupita. Kitabu cha visa vya Waluo kilichoandikwa na mtu aliye hai, au aliyefariki chini ya miaka 50 iliyopita, kina hakimiliki juu ya usimulizi wake. Chukua kisa kama kinavyosimuliwa na watu, usichukue mazungumzo na matukio aliyoyabuni mwandishi mmoja. Juu ya hilo kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kwamba mali ya namna hii ni ya jamii yenyewe. Kwa kijitabu cha bure cha meza yenu, taja chanzo kwa heshima: kisa ni cha nani na cha eneo gani. Ukianza kuuza, hapo ni suala la ridhaa ya jamii. Kwa hiyo kubuni mhusika wako aliyevuviwa na simulizi, badala ya kumchukua mwenyewe kwa jina lake, ni njia nyepesi zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa kisa cha kijiji kilichozama Simbi Nyaima baada ya bikizee kunyimwa ukarimu. Wazo la kijiji kinachozama liko huru. Jina la mahali na simulizi kamili vinastahili uangalifu.

SRD haina picha hata moja, na wengi hujaza pengo hilo kwa kuvuta chochote kwenye Google. Ni kosa linalogundulika haraka kuliko yote, maana picha hutafutika kwa picha. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yameachia picha nyingi za kazi za zamani kwa CC0 tangu 2017, nazo hutumika bila masharti. Ukimwagiza mchoraji wa hapa mjini na kumlipa, sheria ya Kenya huhesabu kuwa hakimiliki imehamia kwako uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Rafiki aliyekuchorea kwa hisani hakuuza kitu, na mchoro unaweza kubaki wake. Karatasi moja iliyotiwa sahihi, inayosema mchoro upi, utumike wapi na kwa malipo gani, humaliza maneno.

Milango mingine

Kampuni ina sera ya kazi za mashabiki, Fan Content Policy. Inakuruhusu kugusa ulimwengu wao, hata yule beholder, ila kazi iwe bure kabisa. Bure hapa maana yake ni kali: hata kumtaka msomaji ajisajili kwa barua pepe kabla ya kupakua kumekatazwa. "Tuma shilingi 100 kwa Till ndipo nikutumie faili" ni ukiukaji. "Faili hii hapa, anayependa achangie" inaruhusiwa. Sera hairuhusu kunakili maandishi ya vitabu vyao, ina tamko lake la lazima la kusema kazi si rasmi, na wanaweza kuiondoa ruhusa wakitaka. Inafaa kwa katuni, nyimbo na vichekesho. Kwa kijitabu unachotaka kiishi miaka, SRD inaishinda kwa mbali.

DMs Guild, soko la mtandaoni lililofunguliwa Januari 2016, inaruhusu kuuza visa ndani ya ulimwengu wao kama Forgotten Realms. Mwandishi hupata asilimia 50 ya bei. Bei yake kubwa zaidi ni kwamba ulichoweka pale hakitoki: huwezi kukiuza kwingine, na wahusika na mahali ulipobuni hufunguliwa kwa waandishi wengine wa Guild. Usipeleke pale simulizi za Nyanza. Utakuwa unagawa leseni ya kitu ambacho si chako kukigawa. Kama kisa chako hakihitaji miji ya Forgotten Realms, na kisa cha Dunga au Kit Mikayi hakiihitaji, hakuna sababu ya kuacha nusu ya mapato pale.

Linganisha na masoko mengine ya mtandaoni: DriveThruRPG hulipa asilimia 65 kwa kazi usiyoifunga kwao na 70 ukiifunga. Itch.io hukuachia uchague fungu lao mwenyewe, kwa kawaida 10, na linaweza kuwa sifuri. Malipo hupitia PayPal, na kutoka PayPal hadi M-Pesa njia ipo tangu 2018. Itch.io watakujazisha fomu ya kodi ya Marekani. Ijaze ukijua kwamba Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo usitegemee punguzo.

Pathfinder ya sasa, mchezo wa kampuni nyingine, hutumia leseni iitwayo ORC ya 2023. Nayo haifutiki, ila kanuni mpya unazobuni juu yake lazima uziachie wengine kwa leseni hiyohiyo. Hadithi na wahusika hubaki vyako. Ukitaka mchezo mdogo zaidi wa kufasiri wote kwa wiki chache, Cairn iko chini ya CC BY-SA 4.0, na tafsiri yako itabidi ibebe leseni hiyo. Michezo mingine, Fate Core na Blades in the Dark, ina SRD zake chini ya CC BY 3.0. Kwa wanaoanza tungeipendekeza Cairn kabla ya SRD 5.2.1, kwa sababu moja ya wazi: mamia ya kurasa ni mengi, na tafsiri nusu haichezeki.

Kuchapa na kusajili

SRD yenyewe ina safu mbili kwa ukurasa. Ukinakili maandishi moja kwa moja, mistari ya safu hizo huchanganyikana na majedwali hubomoka. Nakili safu moja moja, kisha hesabu safu za jedwali upya kabla ya kufasiri. Kwenye saiba (duka la kompyuta na uchapaji) ya kawaida, kijitabu cha A5 huchapwa kwenye A4 pande zote mbili na kukunjwa, kwa hiyo kurasa zigawanyike kwa nne: kurasa 32 ni karatasi 8. Ukipeleka faili yenye kurasa 30, utapata mbili tupu nyuma. Zitumie kwa karatasi ya mhusika na mstari wa shukrani.

Hakimiliki yako huanza pale unapoandika, na usajili si lazima. Bado, cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kinachoombwa mtandaoni kupitia rejista yake ya kitaifa, ni ushahidi mzuri ukikuta kijitabu chako kinauzwa na mwingine. Unaposajili, dai ulichokiandika wewe tu. Sehemu za SRD haziwi zako kwa kuzifasiri, ingawa maneno ya tafsiri yenyewe ni yako.

Ukiletewa lalamiko, tazama kwanza ni la nini. Likiwa ni mstari wa shukrani uliosahaulika, CC BY 4.0 inakurudishia haki zako yenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa. Sahihisha faili, ipandishe upya, na kwenye nakala zilizochapwa bandika kipande cha karatasi chenye sentensi hiyo. Likiwa ni kiumbe kisichomo kwenye SRD, siku 30 hazikuhusu. Shusha faili siku hiyohiyo, mtoe, weka wako, kisha uirudishe ikiwa na namba mpya ya toleo ili walio na ile ya kwanza wajue ipi ni ipi.